Chini ya Mkaja

Debe la maji lilipoanza kuvuma, Kidawa alisukuma kuni ndani ya mafiga na kutupia majani ya mwarobaini na ya mpera. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kila asubuhi tangu mama yake, Biasha, ajifungue. Baada ya hapo ndipo alipofagia uwanja, akavaa sare na kwenda shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na nyumba yao ilikuwa Mchinga, nyuma ya shamba la minazi ambako baba yake, Abilahi, alifanya kazi ya ukwezi.

"Yamechemka, bibi," aliita.

"Yamechemka au yamepata moto tu?" Sauti ya Bibi Somoe, mama mzaa baba, ilitoka ndani. "Tia kidole."

"Nimetia, bibi. Nimeungua."

"Basi hayo ndiyo yenyewe. Lete, mke mwenzangu."

Bibi Somoe alimwita mjukuu wake "mke mwenzangu" kwa utani, kama mabibi wengi wanavyofanya. Hakuwa mtu wa utani katika jambo lingine lolote. Yeye ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji. Binti yake wa kwanza alikufa katika uzazi, na tangu hapo aliwauguza wazazi wa Mchinga kwa masharti ambayo hakuna aliyethubutu kuyapinga. Mzazi hukaa ndani mpaka arobaini. Mlango hufungwa. Wanaume hawaingii. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kisha hufungwa mkaja, yaani kitambaa kirefu cha marekani kinachozungushwa kuanzia chini ya matiti hadi nyongani na kukazwa ili tumbo lirudi.

Na mzazi hapewi maji ya kunywa. Bibi Somoe aliruhusu kikombe kimoja cha uji wa pilipili manga asubuhi na kingine jioni.

"Maji ya baridi kwa mzazi ni sumu," alisema. "Tumbo litajaa kama mtungi."

Chumba kilikuwa cha joto kali. Mama alilala kwenye mkeka na mtoto mchanga, Ridhiwani, ubavuni mwake. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Kwa siku kadhaa alikuwa akilalamika kichwa, na bibi alikuwa amemfunga kanga kwenye paji la uso, akaikaza kwa fundo. Maumivu hayakupungua. Asubuhi hiyo mama alisema kwamba anaona vitu viwili viwili.

"Nakuona wewe na mwenzako," alimwambia Kidawa, akajaribu kucheka.

Bibi alitoka kwenda kumwaga maji. Kidawa alibaki mlangoni na kata ya maji mkononi, aliyokuwa ameichota ili anywe kabla ya kwenda shule.

"Kidawa, mwanangu. Nipe hayo. Funda moja tu."

Kidawa alitazama nje. Akasikia kandambili za bibi zikirudi. Akaiinua kata, akanywa yeye mwenyewe mpaka tone la mwisho, ili isionekane kwamba ametoa maji. Mama aliyafuata yale maji kwa macho, yakishuka kooni mwa binti yake. Hakuomba tena.

Kidawa hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto mtiifu. Wakati wa likizo ya Juni alikuwa amechezwa unyago pamoja na wasichana wenzake, na bibi yake ndiye aliyewafunda. Katika mafundisho mengi, moja lilirudiwa hadi likamkaa kichwani kama jedwali la kuzidisha: mambo ya chumba cha mzazi hayatoki mlangoni. Wanaume hawayajui. Msichana atakayeyapeleka kwa mwanamume, hata kama ni baba yake, amewauza mama zake wote. Wasichana waliitikia kwa pamoja kwamba wamesikia.

Wiki hiyohiyo mkono wa kulia wa mama ulianza kurukaruka peke yake. Mguu ukafuata, kisha mdomo ukapinda. Ilichukua muda mfupi, ikaisha, na mama akabaki amelegea, hawezi kusema alikuwa wapi. Mama mdogo Fauzia, aliyekuwa ameleta uji, alipiga kelele. Kelele hiyo ilitosha kukieneza kisa mtaani.

Kesho yake darasani, Yassin, aliyekaa dawati la nyuma, alimgusa Kidawa begani kwa rula.

"We Kidawa, eti jini la mama yako linaitwa nani? Tuandikie ubaoni."

"Mama yangu hana jini."

"Dada yangu kasikia kelele. Jini hilo linataka mbuzi."

"Mbuzi wapi!" alidakia Petro. "Kwao hata kuku hawana. Litamla yule mtoto mchanga."

Darasa zima lilicheka. Kidawa aligeuka akiwa na macho makavu.

"Mama yangu haumwi," alisema. "Ni kichwa tu."

Alijua kwamba anasema uongo. Alijua pia kwamba bibi yake angemsifu.

Aliporudi nyumbani mchana, alikuta jiko la mkaa limewashwa ndani ya chumba cha mzazi. Juu ya makaa bibi alikuwa ameweka ubani, mizizi mikavu na pilipili kichaa. Mama alikuwa ameketishwa kwenye kigoda mbele ya jiko, amejikunja.

"Tutamfukiza atoke," alisema bibi. "Nitamfunika blanketi, wewe utashika ncha kwa nyuma. Akianza kupigana, hapigani mama yako, anapigana huyo aliyemkalia. Usimwachie. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Blanketi lilishushwa. Moshi uliotoka pembeni ulimtoa Kidawa machozi. Ndani, mama alikohoa, akasema, "Nitoeni." Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Kidawa, nitoe." Baada ya hapo maneno yaligeuka kuwa sauti tu. Mwili wake ulianza kugonga blanketi kwa nguvu, upande mmoja.

"Kajitokeza!" alifoka bibi. "Shika! Shika, anatoka!"

Kidawa alishika. Alikuwa na mikono yenye nguvu, iliyozoea kubeba ndoo, na kazi aliyopewa aliifanya vizuri. Mama aliangukia upande wa kulia, juu ya jiko, na blanketi likaanguka naye. Kwa sekunde chache Kidawa aliendelea kushika, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Kisha ikaja harufu ambayo haikuwa ya ubani wala ya pilipili.

Bibi aliyazima makaa kwa maji ya kukandia. Mkaja ulikuwa umeungua pale nyongani, na ngozi ya chini yake ilikuwa imeungua zaidi, kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Bibi aliosha, akapaka majivu yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, akabandika majani. Juu yake alifunga mkaja mpya, akaukaza. Akamgeukia Kidawa.

"Hili umeliona?"

"Nimeliona, bibi."

"Hujaliona."

Abilahi alirudi kutoka mashambani alasiri. Alisikia mtoto analia na hakuna anayembembeleza. Akasimama nje ya mlango kama desturi inavyotaka, akaita, "Biasha!" Hakujibiwa. Akaita mara ya pili.

"Amelala," alisema Bibi Somoe kutoka ndani. "Nenda ukaoge."

"Mama, fungua mlango."

"Abilahi! Huingii humu. Arobaini bado."

Aliusukuma mlango kwa bega. Alimkuta mkewe macho wazi, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala kama kitu kilichotupwa. Hakumuuliza mtu yeyote jambo lolote. Alimbeba, akamtoa nje mbele ya majirani, akampakia kwenye bajaji ya rafiki yake Jerome. Bibi aliingia pia, na hakuna aliyeweza kumshusha. Kidawa alichukuliwa ili amsaidie bibi kufua na kuosha. Ridhiwani aliachwa kwa mama mdogo Fauzia.

Katika hospitali kubwa ya mjini Lindi walipokewa na Daktari Ignasi, mtu mwembamba aliyezungumza polepole na ambaye hakutabasamu bila sababu. Mama alipigwa picha ya kichwa kwa mashine. Kisha daktari alimwita baba, na Kidawa alisimama nyuma yake.

"Ubongo una mishipa inayoleta damu na mishipa inayoirudisha moyoni," alisema. "Mshipa wa kurudisha umeziba kwa damu iliyoganda. Damu inaingia, haitoki. Sehemu ya kushoto ya ubongo imevimba. Sehemu hiyo ndiyo inayouendesha mkono wa kulia, na ndiyo yenye maneno. Kwa hiyo vyote viwili vimekwenda. Hata hisia za upande wa kulia zimepungua."

"Na jini je?" aliuliza Bibi Somoe, ambaye hakuwa ameitwa.

"Kwenye picha sikuona jini, bibi. Niliona damu iliyoganda." Akamgeukia. "Mwanamke aliyetoka kujifungua, damu yake ni rahisi kuganda. Akikosa maji mwilini, inakuwa rahisi zaidi. Akipata uambukizo, zaidi tena. Alikuwa anakunywa maji kiasi gani?"

"Anakunywa vizuri tu. Mzazi wangu simnyimi kitu."

Daktari alitazama midomo ya mgonjwa iliyopasuka, kisha akamtazama Kidawa. Kidawa alitazama sakafu.

Mama alianza kuchomwa sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda. Alichomwa pajani upande wa kushoto. Alipewa maji kwa dripu na dawa ya kuzuia kifafa. Kila baada ya siku chache alitolewa damu ya kupima.

"Hiki ni kipimo cha nini?" aliuliza baba, alipomwona muuguzi Getrude akijaza tena kichupa.

Daktari alimjibu kama alivyowajibu wanafunzi wake, bila kupamba.

"Mwili ukipambana na vijidudu, jeraha au damu iliyoganda, ini hutengeneza protini fulani kwa wingi. Tunaiita CRP. Mtu asiye na tatizo huwa chini ya kumi. Mkeo aliingia na mia moja na kumi."

"Hiyo ni mbaya?"

"Wagonjwa wa aina hii wanaoingia na namba kubwa, wengi hupona polepole, na wengine hawaponi vizuri. Si hukumu. Ni uwezekano. Ninachokiangalia mimi ni kama namba inashuka."

Namba ilishuka. Ilifika themanini, kisha hamsini. Mama alianza kufuata watu kwa macho. Alimtambua Kidawa, na siku moja upande wa kushoto wa mdomo wake ulipanda kidogo, kama tabasamu lililokatwa nusu. Baba alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akalia kwa mara ya kwanza.

Kisha namba ikageuka. Ilipanda ikafika tisini. Joto la mwili likapanda nalo. Daktari alipima malaria, hakuna. Akapima mkojo, akasikiliza mapafu, akamwagiza Getrude akague matiti na njia ya uzazi. Kote kulikuwa salama. Alimwanzishia dawa za kuua vijidudu bila kujua vijidudu vyenyewe viko wapi. Namba ilifika mia moja na sitini.

Hospitalini ndugu ndio waliowaosha wagonjwa wao, na Bibi Somoe hakumwachia mtu yeyote kazi hiyo. Alivuta pazia, akaosha, akafunga. Mwilini mwa mama alipaka mafuta ya karafuu mengi, na mara moja alikamatwa akichoma udi chini ya kitanda.

"Bibi, humu hatuchomi udi," alisema Getrude. "Na huu mkaja, nataka nione tumbo."

"Nimeufungua asubuhi hii, mwanangu. Nimemwosha, tumbo safi kama lako. Mkaja hufungwa na mkono mmoja mpaka arobaini. Kwani kwenu hamna wazazi?"

Wodi ilikuwa imejaa, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anatapika. Getrude aliamini, akaenda.

Mama hakuwa na maneno, lakini alikuwa na mkono wa kushoto. Aliuvusha juu ya tumbo, akaufikisha nyongani upande wa kulia, akaanza kuuvuta mkaja kwa vidole viwili. Bibi aliurudisha. Mkono ukaenda tena. Ukarudishwa tena.

"Anapapasa," bibi aliwaambia wanawake wa vitanda vya jirani. "Wagonjwa wa kichwa ndivyo walivyo. Ataing'oa dripu."

Akachana kipande cha kanga, akaufunga ule mkono kwenye chuma cha kitanda. Mama alimtazama Kidawa. Kidawa alikuwa amekaa miguuni pa kitanda na ndoo ya nguo chafu, akikunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Jioni hiyo daktari alikuja na uso wake uleule usio na tabasamu.

"Namba hizi zinaniambia kwamba kuna kitu," alisema, baba akisikiliza. "Haziniambii kiko wapi. Uambukizo ukiendelea, damu inaweza kuganda tena, na ubongo wake hauna nafasi ya kuvimba mara ya pili. Kwa hiyo nauliza kwa mara ya mwisho. Kabla ya kuja hapa, alianguka? Alichanjwa chale? Aliungua?"

"Hakuna," alisema bibi.

"Na wewe, binti?"

Mbele yake walisimama wanaume wawili, mmoja wao baba yake. Nyuma yake alisimama kungwi wake. Kidawa alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Sijui."

Asubuhi iliyofuata mama hakufungua macho alipoitwa. Alifungua baadaye, baada ya kufinywa, na macho yenyewe hayakutulia mahali. Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa bado vinafanya kazi. Vilikuwa vinakwaruza hewa ndani ya kitanzi cha kanga, vikielekea upande uleule.

Kidawa aliviangalia kwa muda. Siku ile alikuwa ameshika blanketi kwa sababu aliambiwa aliyekuwa ndani si mama yake. Leo hakuna aliyemwambia hivyo. Huyu alikuwa mama yake, amefungwa, na anaonyesha kwa vidole mahali panapomuua. Aliinama akalifungua fundo.

"Rudisha," alisema bibi kwa sauti ya chini. "Mwali, rudisha."

Kidawa alipita katikati ya vitanda hadi mwisho wa wodi, ambako daktari alikuwa amesimama na baba yake. Hakungoja kuulizwa.

"Ana jeraha la moto," alisema. "Liko chini ya mkaja, nyonga ya kulia. Aliangukia jiko. Tulikuwa tunamfukiza, na mimi ndiye niliyeshika blanketi. Na maji tulimnyima. Aliniomba, nikanywa mimi."

Baba yake alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Daktari alikuwa ameshaanza kutembea.

"Mkasi," alimwambia Getrude.

Mkaja ulikatwa. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimeshikana na nyama, na kilipotoka kilitoka na ngozi. Majani yalikuwa yameoza. Shimo lilikuwa pana kuliko kiganja, kingo zake nyeusi, katikati usaha wa kijani. Wanawake wa vitanda vya jirani walijifunika pua kwa kanga. Harufu ya karafuu haikuweza kuificha tena hiyo nyingine.

Bibi Somoe alimfikia Kidawa akampiga kofi lililosikika hadi korido.

"Umeniuza," alisema. "Mbele ya wanaume. Umetuuza wote."

"Bibi," alisema Daktari Ignasi bila kuinua kichwa, "toka nje ya wodi."

Sindano za kuzuia kuganda zilisimamishwa kwa muda ili mama aweze kukatwa bila kuvuja damu nyingi. Huko kusimamisha kulikuwa hatari, na daktari alimwambia baba waziwazi kwamba damu inaweza kuganda wakati huohuo. Nyama iliyokufa iliondolewa. Jeraha lilisafishwa kila siku, na kila siku mama alilia kwa sauti isiyo na maneno. Kidawa alisikia kilio hicho akiwa nje ya pazia. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemfariji.

"Ulijua tangu lini?" baba yake alimuuliza siku ya tatu.

"Tangu siku ile."

Baba aligeuza uso. Ilipita wiki nzima kabla ya kumwita tena mwanangu.

Namba ilianza kushuka. Sitini. Ishirini na tano. Siku ya tisa, daktari aliwaita wote watatu kwenye chumba chake kidogo: baba, bibi na Kidawa. Bibi Somoe alikaa amejifunika ushungi hadi machoni.

"Ataishi," alisema daktari. "Picha ya pili inaonyesha mshipa umeanza kupitisha damu. Mkono wa kulia sijui. Maneno yatarudi, lakini si yote, na si haraka. Angeletwa siku ile kichwa kilipoanza, na macho yalipoanza kuona viwili, huenda leo angekuwa anampakata mtoto wake kwa mikono miwili. Hilo nalisema ili mlijue, si ili mgombane."

Akaiweka picha mezani.

"Na mimi nilikosa. Niliamini mkaja umefunguliwa kwa sababu niliambiwa umefunguliwa. Nilipaswa kuufungua kwa mkono wangu."

Kisha akamgeukia Kidawa.

"Wewe umefundishwa kutunza siri, na sikulaumu kwa kufundishwa. Mwili wa mtu una heshima yake. Lakini siri ni ya mwenye mwili. Mama yako hakukuomba ufiche. Alikuwa anakuonyesha kwa vidole. Ulichokificha hakikuwa siri yake, kilikuwa aibu ya wengine. Damu yake ilikuwa imeshatuambia kwamba kuna uongo mahali. Kilichokosekana ni mtu wa kusema ni wapi. Ulisema, akapona. Ulichelewa, na gharama ya kuchelewa analipa yeye. Yote mawili ni kweli, na usikubali mtu akusahaulishe hata moja."

"Ndiyo, daktari," alisema Kidawa.



Walirudi Mchinga arobaini ikiwa imekwishapita bila sherehe yoyote. Shuleni Yassin alikuwa anangoja.

"We, jini limetoka?"

"Halikuwa jini," alisema Kidawa. "Ilikuwa damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo. Tulimnyima maji, tukachelewa kumpeleka, na tukamchoma. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Unataka kujua nini kingine?"

Yassin alirudi dawatini. Petro alijifanya anatafuta kalamu. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza tena.

Jioni Kidawa alimkuta mama ameegemezwa ukutani uwanjani, Ridhiwani akiwa amelala kwenye mkono wake wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja mapajani. Bibi Somoe alikaa mbali kidogo, karibu na mtungi, akichambua mchele. Tangu warudi alimwita mjukuu wake Kidawa, basi. Lile neno la utani hakulitamka tena.

"Ki...dawa," alisema mama.

"Abee, mama."

"Uli...shika."

Kidawa hakuwa na hakika, hadi dakika hiyo, kama mama anakumbuka.

"Ndiyo, mama. Nilishika."

Mama alihangaika na neno lililofuata. Jasho lilimtoka puani.

"Uka...sema."

"Ndiyo. Nilisema."

"Se...ma," alisema mama, na mkono wake mzima haukuwa huru kumshika, kwa hiyo alimshika kwa macho. "Ma...pema."

Hakuwa na maneno mengi, na hayo ndiyo aliyoyachagua. Alipumzika. Kisha akasema neno lililomtoka sawasawa, bila kukatika.

"Maji."

Kidawa aliinuka, lakini Bibi Somoe alikuwa ameshainuka. Aliuweka ungo chini. Alifunua mtungi, akachota, akavuka uwanja na kata iliyojaa hadi maji yakammwagikia miguuni. Alipiga magoti mbele ya mkwe wake, akaifikisha kata mdomoni pake.

Mama alikunywa yote. Alipomaliza, alimtazama bibi usoni, akasema tena, "Maji."

Bibi Somoe akarudi mtungini.